Belti ya taimingi: ubadilishe belti pekee, au ulipie seti nzima?

Gari likifika wakati wa kubadilishwa belti ya taimingi, mafundi wengi wa Mombasa hutaja bei mbili. Ya kwanza ni ya belti peke yake, na huwa inabebeka. Ya pili ni ya seti: belti, tenshena inayoikaza, puli, pampu ya maji, sili za oili na kulanti mpya. Hii ya pili hufika mara tatu ya ile ya kwanza, wakati mwingine zaidi, na hapo ndipo mwenye gari huanza kushuku kwamba mfuko wake unawindwa. Anampigia simu binamu yake, anamuuliza fundi wa pili, na kila mtu ana lake.

Msimamo wangu nautanguliza. Kama injini yako ni ile ambayo belti ikikatika valvu, yaani milango yake ya hewa na moshi, hupinda, lipia seti nzima, hata ikibidi gari lilale nyumbani mpaka mshahara uingie. Kama ni injini isiyopinda valvu, una nafasi ya kuchagua. Pa kubana matumizi papo, lakini si kwenye idadi ya spea. Papo kwenye jina la mtengenezaji na kwenye mahali pa kufanyia kazi, na haya mawili nitayafikia.

Injini yako iko upande gani?

Belti hii imefichwa mbele ya injini, ndani ya kava za plastiki, kwa hiyo huioni kwa kufungua bonneti tu. Inafunga pamoja kranki iliyo chini, ile inayozungushwa na pistoni, na kemu iliyo juu ili zizunguke kwa hesabu moja: kranki mara mbili, kemu mara moja. Kemu ndiyo inayofungua na kufunga valvu. Belti ikikatika, kemu husimama palepale na baadhi ya valvu zikiwa wazi, huku pistoni bado zinapanda na kushuka kwa kasi iliyokuwepo. Kwenye injini fulani pistoni ikifika juu kabisa bado inabakiza nafasi, kwa hiyo gari linazima tu. Kwenye nyingine nafasi hiyo haipo. Pistoni inaipiga valvu, valvu inapinda, na pistoni yenyewe inaweza kutoboka.

Toyota za zamani zenye 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, zile Corolla 110 na Carina ambazo hadi leo unapishana nazo Kisauni na Changamwe, ziko upande salama. Belti ikikatika unavutwa hadi kwa fundi, inawekwa nyingine, unaondoka. 3S-FE ya kawaida nayo ni hivyo hivyo. Angalia herufi vizuri hapo, kwa sababu 3S-FSE, ile ya D4, inapinda valvu, na jina lake limezidi kwa herufi moja tu.

Upande wa pili kuna Subaru nyingi za injini ya EJ, Mitsubishi nyingi za 4G, na dizeli zote zenye belti: HiAce na Hilux za 1KD na 2KD, Prado za 1KD. Dizeli haina cheche ya plagi, inachoma mafuta kwa nguvu ya mkandamizo, kwa hiyo pistoni hupanda mpaka karibu kugusa hedi, yaani kichwa cha injini. Huko hakuna nafasi ya kusamehe. Mitsubishi 4D56 ina jambo lake la ziada: ndani yake mna belti ya pili, ndogo, ya shafti za kupunguza mtikisiko. Hiyo ndogo ikikatika, vipande vyake huweza kuingia kwenye belti kubwa na kuimaliza. Anayekubadilishia kubwa akaacha ndogo hajakufanyia kazi.

Kisha kuna wasiohusika kabisa. Probox, Succeed na NZE za injini ya 1NZ, zile za 1ZZ na 2AZ, Nissan za HR15 na MR18, Honda Fit, Demio za DY na zilizofuata: zote zinatumia cheni badala ya belti. Mtu akikuambia belti ya taimingi ya Probox yako imechoka, chukua ufunguo wako uondoke.

Je, muda wake umefika kweli?

Kwa magari ya Kijapani, kiwango kinachotajwa zaidi ni kilomita 100,000. Kwa dizeli za KD ni 100,000 au 150,000, kulingana na soko ambalo gari lilitengenezewa. Hiyo ni nusu ya habari. Belti ni mpira wenye nyuzi za kioo ndani, na mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Ndiyo sababu mafundi makini huhesabu na miaka pia, na wengi wao wakishafika mitano hadi saba hawasubiri kilomita.

Kwa Mombasa mimi nahesabu miaka kwanza, kwa sababu mbili. Joto la ndani ya bonneti hapa halipati usiku wa baridi wa kupumzika kama ule wa Limuru. Na mita ya kilomita haihesabu foleni. Injini ikinguruma gari likiwa limesimama huzunguka takriban mara 750 kwa dakika, yaani mara 45,000 kwa saa. Barabara ya Mariakani, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa na injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, mizunguko hiyo 45,000 ingekupeleka kilomita 30. Mtu anayekaa saa moja kwa siku kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, eisii ikiwa imewashwa, siku 25 za mwezi, ameizungusha belti yake sawa na kilomita 9,000 kwa mwaka ambazo mita haikuziona. Mita inasoma 80,000 naye anadhani bado ana safari ndefu.

Gari likiwa limetoka Japani, kabla ya kuamini mita tafuta kibandiko. Gereji za Japani zikibadilisha belti ya taimingi hubandika karatasi ndogo ndani ya bonneti au juu ya kava ya belti, yenye maandishi ya Kijapani, idadi ya kilomita na tarehe. Mwaka wake mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi zao, kwa hiyo usishangae kuona 25 au 3. Enzi ya Heisei unaongeza 1988: Heisei 25 ni 2013. Enzi ya Reiwa unaongeza 2018: Reiwa 3 ni 2021. Kibandiko kikiwepo na hesabu ikikubaliana na mita, una ushahidi bora kuliko maneno ya yadi yoyote. Kisipokuwepo, na muuzaji hana risiti, mimi nachukulia belti haijawahi kubadilishwa. Gharama yake naiweka ndani ya bei ya gari hapo hapo tunapopatana.

Usingoje dalili. Belti nyingi hukatika bila kutoa sauti wala taa. Dalili zikiwepo, ni mlio mwembamba wa beringi ya puli unaopanda ukikanyaga mafuta, au oili inayochuruzika chini ya kava. Taa ya T-BELT iliyo kwenye dashibodi ya HiAce, Prado na Hilux za dizeli haipimi belti. Inahesabu kilomita tu, na mita ikiwa imebadilishwa au imerudishwa nyuma, taa nayo imedanganyika.

Gharama, ubavu kwa ubavu

Bei hizi ni makadirio mapana ya kupangia bajeti, kwa shilingi, spea na kazi zikiwa pamoja, ukitumia watengenezaji wanaojulikana na fundi wa kawaida. Kwa wakala rasmi wa gari lako, panga zaidi.

| Injini | Belti pekee | Belti, tenshena na puli | Seti nzima | Ikikatika barabarani |
|---|---|---|---|---|
| Toyota 5A-FE | 4,000–9,000 | 8,000–15,000 | 14,000–25,000 | Kuvutwa, kisha belti mpya |
| Subaru EJ20 | 10,000–18,000 | 20,000–40,000 | 30,000–60,000 | 80,000 hadi zaidi ya 200,000 |
| Toyota 1KD, 2KD | 7,000–14,000 | 14,000–30,000 | 18,000–38,000 | 60,000 hadi zaidi ya 150,000 |

Soma mstari wa Subaru polepole. Tofauti kati ya belti pekee na seti nzima inaweza kuwa 20,000 au 40,000, na ni pesa, sibishi. Lakini angalia kinachozunguka pamoja na belti hiyo. EJ ina vichwa viwili, kimoja kila upande, na belti yake ndefu inapita kwenye tenshena na puli tatu, moja ya hizo ikiwa na meno. Kila moja ina beringi iliyojazwa grisi kiwandani, na umri wa grisi hiyo ni sawa na umri wa belti unayoitoa. Pampu ya maji nayo inazungushwa na belti hiyo hiyo. Kimoja tu kati ya hivi kikijam, belti mpya ya jana inakatika au inaruka meno, na valvu 16 ziko hatarini. Kwa hiyo anayebadilisha belti pekee amenunua kipande kimoja kipya, akakikabidhi kwa vipande vitano vya zamani.

Na hesabu ya kazi inasukuma upande huo huo. Sehemu kubwa ya malipo ya fundi ni kufungua: redieta au feni zake, belti za nje, puli ya kranki, kava. Akishafika ndani, kubadilisha puli ni dakika chache. Pampu ya maji ikianza kuvuja miezi minane baadaye, utalipa kufungua kote tena, utamwaga kulanti tena, na kama maji yameilowesha belti utanunua na belti tena.

Kwa 5A hali ni tofauti, na hapa sikubaliani na mafundi wanaouza seti nzima kwa kila mtu. Pampu ya maji ya 5A inazungushwa na belti ya nje, si ya taimingi. Ikifa, haiui belti, na kuifikia si kazi kubwa. Ikiwa haivuji na haina mlio, iache. Belti ikikatika, injini haiharibiki. Ninachokataa kuruka kwenye 5A ni mambo mawili: puli ya tenshena, kwa sababu bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kufungua upya, na sili za kranki na kemu zikiwa zinatoa jasho la oili. Oili hulainisha mpira, meno yakabanduka. Kuweka belti mpya mbele ya sili inayovuja ni kutupa belti.

KD iko katikati kwa gharama, lakini kwa hatari iko pamoja na Subaru. Pampu yake ya maji nayo iko nje, kwa hiyo seti yake ni fupi: belti, puli, tenshena ya haidroliki, na sili ikihitajika. Fundi aliyezoea anaifikia haraka kuliko ya Subaru. Kwa mwenye matatu hesabu kubwa iko kwenye siku ambazo gari halifanyi kazi. Kubadilisha kwa wakati kunakula sehemu ya siku moja, na unaweza kuchagua siku ambayo abiria ni wachache. Hedi ikifunguliwa, gari linalala: hedi inaenda kwa mchongaji, valvu zinatafutwa, gaskiti inangojwa, na dereva na konda wako kijiweni.

Tena kuna mahali inapokatikia. Belti haichagui Mwembe Tayari saa nne asubuhi. Ikikatika Taru au Mackinnon Road usiku, unalipa gari la kuvuta mpaka mjini kabla hata hujajua valvu ngapi zimepinda.

Wenye EJ wengi wakifika hapo huacha habari ya kutengeneza hedi na kununua injini iliyotumika kutoka Japani. Ni uamuzi wenye maana, kwani vichwa ni viwili na gaskiti ni mbili. Kumbuka basi kwamba namba ya injini iko kwenye logibuku, na ikibadilika lazima NTSA, wasajili wa magari, wabadilishe kumbukumbu. Na injini hiyo uliyoinunua ina belti yake ya zamani ndani, isiyojulikana umri. Ibadilishe ikiwa bado iko sakafuni, kabla haijaingia kwenye gari. Kazi ni rahisi mno ikiwa hivyo.

Jenuini, brandi nyingine, au ile ya bei ya chini

Dukani mazungumzo huwa mafupi.

"Ami, nipe belti ya Subaru EJ20, ile ya kemu nne."

"Jenuini ama ya kawaida?"

"Hiyo ya kawaida imetengenezwa na nani?"

Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloamua. Watengenezaji wa magari hawatengenezi belti zao wenyewe. Bando, Mitsuboshi na Gates ni majina makubwa ya belti, na Koyo, NTN na NSK ni ya beringi, na Aisin hutengeneza pampu za maji. Hawa huuza viwandani Japani, na huuza pia kwa maboksi yenye majina yao. Ukinunua belti ya Mitsuboshi na puli za Koyo kwenye boksi lao, umepata kitu cha daraja lile lile bila kulipia nembo ya gari. Hapa ndipo ninapoona pesa inaweza kuokolewa bila kuhatarisha chochote, na kwa seti ya Subaru si pesa ndogo.

Shida ni bandia, na boksi zuri si ushahidi. Mimi naangalia namba. Namba za belti za taimingi za Toyota huanza na 13568, na za Subaru na 13028. Namba iliyo kwenye boksi lazima ikubaliane na ile ya injini yako, na belti yenyewe iwe na maandishi yaliyochapwa safi mgongoni, si wino unaotoka ukiusugua kwa kidole. Linganisha na ya zamani: upana, umbo la meno, na idadi yake. Kuhesabu meno kunachosha, lakini belti yenye jino moja pungufu haitakaa kwenye alama za kranki na kemu hata fundi afanye nini.

Kuna jambo moja zaidi la dukani ambalo watu hulipita. Belti ya taimingi haikunjwi. Nyuzi zake za kioo hazivumilii pinde kali, zikivunjika ndani hakuna alama itakayoonekana nje. Muuzaji akiitoa kwenye boksi, akaipinda mara mbili aisokomeze kwenye kimfuko, mrudishie umwombe nyingine iliyo bado kwenye boksi lake. Na usichukue ile iliyoning'inizwa kwenye msumari mlangoni inakopigwa na jua la mchana kutwa.

Ya bei ya chini kabisa, isiyo na jina, siishauri kwa injini inayopinda valvu kwa hali yoyote. Kwa 5A unayotaka kuiuza karibuni, utaamua mwenyewe. Mimi ningeweka ya Bando na nimwonyeshe mnunuzi risiti.

Fundi wa jua kali au gereji kubwa?

Wakala rasmi atakupa risiti, dhamana ya kazi, na spea ambazo huna haja ya kuzikagua. Utalipia saa za kazi kwa bei yao. Kwa gari jipya kiasi, au la kampuni, au la mtu asiye na muda wa kusimama dukani na gereji, nenda huko bila majuto. Kwa wengine wetu, fundi anayefanya injini yako hiyo hiyo kila wiki ni bora kuliko gereji kubwa inayofanya kila kitu, na hatozi bei hiyo. Nimeona kazi safi kabisa zikifanywa chini ya mwarobaini, na nimeona kazi mbovu kwenye sakafu ya vigae.

Unamjuaje basi? Simama umwangalie pale kwenye tenshena ya haidroliki, ile yenye mti mdogo unaosukuma puli. Kabla ya kurudishwa lazima mti huo usukumwe ndani, kisha upitishwe pini kwenye tundu lake uushike. Fundi anayeijua kazi huiweka kwenye jiriwa ikiwa imesimama wima, akaibana taratibu, anazungusha kidogo, anangoja, anazungusha tena, mpaka matundu yakutane. Asiyejua huibana kwa haraka au huigonga kwa nyundo, na sili yake ya ndani inapasuka. Tenshena hiyo itaanza kuvuja na kulegea baadaye, nawe utaambiwa belti ilikuwa mbovu.

Akimaliza kufunga, kabla hajagusa ufunguo, anapaswa kutia spana kwenye bolti ya kranki na kuizungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, mpaka alama za kranki na za kemu zirudi mahali pake. Ikigoma katikati, hajaharibu kitu: anafungua na kupanga upya. Akiwasha moja kwa moja na alama ziko kombo, valvu zinapinda gereji hapo hapo. Kwangu hiki ndicho kipimo. Fundi anayeruka hatua hii simpi gari la pili.

Kwa EJ ya kemu nne muulize mapema kuhusu kemu za upande wa kushoto. Belti ikitolewa, kemu hizo huwa zinasukumwa na springi za valvu na zinaweza kufyatuka zenyewe, valvu zikagongana bila injini kuwashwa kabisa. Aliyewahi kuifanya atakueleza kabla hujamaliza swali. Na bolti ya puli ya kranki ya Subaru ikazwe kwa spana ya kupima nguvu. Ikilegea inatafuna ufunguo wa kranki, kile kichuma kidogo kinachoishika puli isiteleze, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Kuna wanaopaka rangi kwenye belti ya zamani na kuhamishia alama kwenye mpya, wasishughulike na alama za kiwandani. Ni haraka, na mara nyingi inakubali. Lakini kama aliyetangulia alikosea jino moja, kosa lake linarithiwa, na gari litaendelea kunywa mafuta bila sababu inayoonekana.

Na anayetaka kununua gari sasa?

Anayenunua leo, swali la belti au cheni limepungua makali. Sheria hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka 8, na petroli nyingi za umri huo ni cheni. HiAce za dizeli za Japani zilianza kupewa 1GD, yenye cheni, mwishoni mwa 2017. Forester za Japani zisizo na tabo zilihamia FB20 ya cheni mwishoni mwa 2010. Belti utakutana nayo zaidi kwenye magari yaliyokwisha kusajiliwa hapa, mkono wa pili na wa tatu.

Cheni haina tarehe ya kubadilishwa, lakini inaishi kwa oili. Gari ambalo mwenyewe aliahirisha sevisi na kujazia oili ya kupimwa, cheni yake hurefuka, na asubuhi ukiwasha utasikia mtutumo wa chuma kwa sekunde chache mbele ya injini. Kuibadilisha ni kufungua kava yote ya mbele pamoja na reli zake, kazi ghali kuliko belti. Kati ya Forester ya EJ yenye risiti ya seti nzima ya mwaka jana na ya FB20 inayotutuma asubuhi, mimi nachukua ya EJ.

Na ukishabadilisha, omba spea zote za zamani mkononi, kwa sababu ndizo zinazothibitisha kwamba puli ulizolipia zilitolewa. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika kwenye kava ya belti, hata kama una risiti. Baada ya wiki moja chungulia chini ya kava kama kuna oili au kulanti. Kwa HiAce, Prado na Hilux zenye taa ya T-BELT, mwambie fundi airudishe sifuri kabla hujamlipa. Taa ikiachwa inawaka baada ya belti mpya, dereva ataizoea, na belti hii itakapofika muda wake hakuna atakayeitazama.